Sura ya Saba: Hodi Kutoka Garini

Anayeingia Babati akitokea Dodoma hupokelewa na ziwa na mlima kwa wakati mmoja. Kushoto ni Ziwa Babati, ambako wavuvi na viboko wanagawana maji yale yale. Kulia ni Mlima Kwaraa, mita 2,415, ambao kilele chake huvaa ukungu hata siku ambayo mji wenyewe una vumbi. Barabara hupita katikati yao hadi mjini, kisha hugawanyika: moja inakwenda Arusha, kama kilomita 170, nyingine inakata magharibi kwenda Katesh na Singida. Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, makao makuu yaliwekwa hapa. Mji ulizaliwa na njia panda na mpaka leo unalishwa na njia panda: mabasi ya usiku, Fuso za mbaazi, malori ya vitunguu swaumu kutoka Mbulu, bodaboda zinazosubiri abiria wa milimani.

Lami ni ya juzi. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilifunguliwa rasmi na Rais John Magufuli Aprili 2018. Kabla ya hapo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na dereva wa lori aliyekwama Bereko alilala Bereko, chini ya turubai lake, akila alichopikiwa na wenyeji wa Bereko. Nawataja madereva hao mapema kwa sababu wao ndio mabingwa wa jambo ambalo mume wangu na mimi tulikuwa tunajifunza: kulala njiani, ndani ya gari, katika nchi ya watu wengine.

Gari letu ni Toyota Land Cruiser ya zamani, lile umbo ambalo mafundi wetu wanaliita mkonga. Viti vya nyuma tuliving'oa, seremala akatutengenezea kitanda cha mbao chenye droo chini yake. Kuna mtungi mdogo wa gesi, madumu ya maji, chandarua, betri ya pili, na sola juu ya paa. Tulikusudia kupanda nchi ya milima inayouzunguka mji wa Babati, yaani Duru, Hanang na kuta za Bonde la Ufa juu ya Dareda hadi Mbulu, bila kutegemea gesti. Kila aliyelikagua gari kabla hatujaondoka alituambia neno moja: sasa mko huru, popote penu.

Nchi ile imenifundisha kinyume chake, na sura hii naiandika kwa ajili ya hilo. Gari la kulala halimpunguzii msafiri haja ya mwenyeji, linamwongezea. Gesti ina mlango, ina ufunguo, ina mtu wa mapokezi, na ukishalipa umemalizana na mji mzima. Lakini gari likizimwa jioni penye nyasi, zile nyasi zina mwenyewe. Ana ng'ombe wanaozila, ana babu aliyezikwa chini yake, au ana kumbukumbu ya maji yaliyopita hapo mwaka fulani. Ramani haina hata moja ya habari hizo.

Wanandoa waliotutangulia kwenye njia hizi za bara waliyaishi hayo, hata pale ambapo hawakuyaandika. Chaplin na Stella Court Treatt waliondoka Cape Town Septemba 1924 na magari mawili ya Crossley, wakaingia Cairo Januari 1926. Kitabu cha Stella kilitoka mwaka 1927, na wawili hao huhesabiwa kuwa wa kwanza kulikata bara zima kwa gari kutoka kusini hadi kaskazini. Sentensi hiyo ni fupi mno. Palipokuwa na tope, na miezi mingi ilikuwa ya tope, magari yale hayakwenda kwa petroli. Yalivutwa kwa kamba na wanaume wa vijiji vya karibu, yakavushwa mito kwa magogo yaliyokatwa na watu ambao majina yao hayamo kwenye rekodi yoyote ya mwendo.

Kisha walikuja Ernest Hemingway na mkewe Pauline. Kati ya Desemba 1933 na Februari 1934 walizunguka kaskazini mwa Tanganyika kwa gari na malori, wakiwinda, wakiongozwa na Philip Percival, kwa fedha za ami yake Pauline. Barabara hii ya Babati ni mojawapo ya walizopita. Katikati ya safari Hemingway aliugua kuhara damu, ikabidi ndege imchukue kwenda Nairobi. Kitabu alichokitoa mwaka 1935 kinaipenda nchi yetu kwa dhati, nami nakiheshimu kwa hilo. Lakini jioni hema lilikuwa limeshasimama, maji ya kuoga yameshachemka, na mahali pa kambi pameshaulizwa. Waliouliza walikuwa wapishi, wabeba mizigo na waongoza njia. Bwana na bibi walipakuta pakiwa tayari, wakapaona patupu.

Wanaonigusa zaidi ni Herman na Candelaria Zapp wa Argentina. Waliondoka Buenos Aires Januari 2000 na gari la Graham-Paige la mwaka 1928, wakidhani wanakwenda Alaska tu, na walipomaliza kabisa mzunguko wao Machi 2022 walikuwa wamepita zaidi ya nchi 100 na wana watoto wanne, kila mmoja amezaliwa katika nchi yake. Gari liliwabana wote sita, kwa hiyo mara nyingi walilala kwa watu. Wenyewe walihesabu nyumba zipatazo 2,000. Watu hawa walilazimika kugonga hodi kila walikofika, na ndiyo sababu naamini waliiona dunia vizuri kuliko wengi wetu tuliobeba godoro.

Jioni ya kwanza Babati tuliegesha upande wa ziwa, penye uwazi wenye majani mafupi, mazuri sana. Katika gari letu kazi zimegawanyika: mume wangu anaendesha na kukagua matairi, mimi nashuka kuomba. Tuliligundua hilo mapema na hatujalibadilisha. Mwanamume anayeshuka jioni kwenye gari lisilojulikana huulizwa anatafuta nini. Mwanamke akishuka, akasalimia, akasema yupo na mumewe, mazungumzo huanza sehemu nyingine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Gari limewaharibikia?"

"Hapana, baba, ni zima. Tunaomba mahali pa kulala."

"Kulala wapi?"

"Humo humo ndani."

Mzee, ambaye vijana walikuwa wametuelekeza kuwa ndiye mjumbe, alilizunguka gari polepole, akachungulia kitanda, akatazama sola. Kila tulikokwenda swali la kwanza lilikuwa hilo hilo, kama gari limeharibika, nami naliona ni swali la haki kabisa. Nani mwingine hulala garini ila aliyekwama? Mtu mwenye afya na nauli hulala ndani ya kuta. Kuwaeleza watu kwamba umelala garini kwa kupenda ni kuwaomba waamini jambo geni, na lazima uwape muda.

Alipomaliza kuzunguka akasema hapo tulipoegesha ni njia ya viboko. Kumbe yale majani mafupi yalikuwa mafupi kwa sababu hiyo. Kiboko hushinda majini na kutoka usiku kwenda malishoni, hula kilo 40 hivi za majani, na hurudi kwa njia ile ile aliyoizoea. Chochote kilicho kati yake na maji kina hatari. Mzee alitupeleka nyuma ya nyumba ya jirani yake, penye mwinuko, akaongeza kuwa hata ziwa likijaa hapo maji hayafiki. Mwaka 1990 Ziwa Babati lilifurika likaingia mjini, na watu wa rika lake bado wanaupima mji kwa mstari ule: hapa maji yalifika, hapa hayakufika. Kwa hodi moja tulipata ruhusa, tukaepuka viboko, na tukajua historia ya mafuriko.

Kusini-magharibi mwa mji kuna msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, takribani hekta 9,000, unaogawanywa na vijiji vinane. Ungestahili sura nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuutangaza kuwa hifadhi yake. Wanavijiji waliposikia, wengi waliingia na mashoka kuchukua chao kabla hakijawa cha wengine, na mtu yeyote aliyewahi kuporwa ataelewa mantiki yao. Baada ya mabishano, mwaka 1994 jambo liligeuzwa: kila kijiji kikakabidhiwa kipande chake kikitunze chenyewe. Wakatunga sheria ndogo, wakachagua kamati, wakaweka vijana wa doria, wakapiga marufuku mkaa na kufyeka mashamba ndani. Msitu ukaanza kujirudi. Duru-Haitemba ikawa mfano wa mwanzo nchini wa misitu inayomilikiwa na vijiji, na fundisho lake liliingia katika Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002. Tanzania nzima ilijifunza kwa watu wa Babati kwamba anayekaa karibu na mti ndiye anayeweza kuulinda.

Kwa hiyo huko huegeshi tu. Unakwenda ofisi ya kijiji, unasaini kitabu cha wageni, unasubiri mtendaji ampigie simu mtu wa kamati. Tulisubiri mchana mzima chini ya mwembe. Kuna wasafiri ambao wangeuita huo usumbufu. Mimi niliuona kuwa sehemu ya kuuona msitu: yule aliyekuja kutukagua alitaka kujua tunapikia nini, na alipoona mtungi wa gesi uso wake ulilegea. Moto wa kuni ndani ya msitu ni kosa lenye faini, na faini hiyo haikuamuliwa Dodoma, iliamuliwa na mkutano wa kijiji. Usiku ule tulilala kwenye ukingo wa miombo, mahali alipopachagua yeye.

Kutoka Babati kwenda Katesh ni lami tupu, kama kilomita 75, na Mlima Hanang unakuwa mbele yako karibu njia nzima. Mita 3,417. Kwa Tanzania unatanguliwa na Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin wa nyanda za Ngorongoro. Ni volkano ya zamani iliyosimama peke yake juu ya tambarare kavu, kwa hiyo mawingu yanayopita yanakwama kwake, na mvua isiyonyesha kwingine hunyesha pale. Wakulima wa Gendabi, Jorodom na Nangwa wanaishi kwa maji ya mlima huo. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 mlima ule ule uliwaua. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya mteremko iliyokwisha kunywa maji kupita kiasi ilimeguka, ikashuka na tope, mawe na miti mizima hadi Katesh mjini. Vifo vilivyohesabiwa na serikali ni 89. Wengi walidhani volkano imeamka. Wataalamu wa jiolojia wakaeleza kuwa haikuwa moto bali mwamba laini uliolowa ukaachia.

Tulifika miezi mingi baada ya maafa hayo, na bado mkondo wa tope ulionekana wazi, mawe makubwa kama matanuri yamelala mahali palipokuwa na ua wa mtu. Mume wangu, ambaye ana jicho la kambi, aliona sehemu iliyoinuka kidogo kando ya korongo kavu, ardhi yake imenyooka, hakuna jiwe, hakuna mteremko. Kwa kanuni zote za wenye magari ya kulala, pale palikuwa pazuri. Nikashuka kuomba kwa mama aliyekuwa akipepeta maharage karibu na barabara.

Hakuinua kichwa mara moja. "Pale hapalali mtu," akasema. Halafu akamaliza ungo wake, akasimama, akatuonyesha uwanja wa upande wa pili, mbali na korongo, karibu na nyumba yenye taa. "Pale mtasikia mtu akiita." Hakueleza zaidi, nasi hatukumuuliza. Kuna maswali ambayo mgeni hana haki nayo, hasa katika kijiji ambacho kila ua unajua nani hayupo. Mvua ilinyesha usiku ule, si nyingi. Niliisikiliza yote.

Kutoka Katesh ukielekea Basotu, nchi inafunguka ikawa tambarare ya kijani au ya dhahabu kutegemea mwezi. Ni nchi ya ngano. Na ndipo hapa, kuliko mahali pengine popote katika safari yetu, nilipoelewa hatari ya mtu kuiona nchi kuwa tupu.

Tambarare hii ilikuwa malisho ya Wabarbaig, tawi la Wadatoga, wafugaji ambao utajiri wao wote una miguu minne. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, shirika la umma la NAFCO likisaidiwa na Kanada lilianza kufungua hapa mashamba makubwa ya ngano, ambayo yalikuja kufikia ekari kama 100,000. Nia ilikuwa njema: taifa changa lilitaka mkate wake. Waliopima waliona nyasi bila nyumba, wakaandika kwamba ardhi ipo. Ila Wabarbaig hawakuwa wametoka humo, walikuwa wanaizunguka. Kulikuwa na malisho ya masika na ya kiangazi, kulikuwa na visima, kulikuwa na njia za kupeleka ng'ombe kwenye chumvi, na ardhi ambayo leo haina mfugaji ilikuwa inapumzika hadi mwezi wake ufike. Kuilima yote kwa pamoja ni kukata mguu mmoja wa mwaka wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua, kwa hoja kwamba hawakuuthibitisha umiliki wao wa kimila inavyotakiwa. Kesi hiyo inasomeshwa mpaka leo kwa wanafunzi wa sheria ya ardhi.

Na kulikuwa na makaburi. Mzee mashuhuri wa Kibarbaig huzikwa kwa matanga yanayochukua miezi, ukoo ukikusanyika kutoka mbali, na juu yake hujengwa kilima cha udongo kinachoitwa bung'eda. Udongo hutitia, mvua hukishusha, nyasi hukifunika. Miaka ikipita, mgeni anaona mwinuko mdogo tu. Hapo watoto wa watoto wake huendelea kuja kuomba. Wabarbaig walilalamika kwamba trekta zilipita juu ya baadhi ya vilima hivyo, na sidhani kuna lalamiko zito kuliko hilo ambalo binadamu anaweza kulipeleka mbele ya serikali.

Jua lilikuwa linazama tulipopunguza mwendo kwenye tambarare ile, tukiwa tumeacha njia ya mashamba na kufuata njia ya magurudumu ya mikokoteni. Palikuwa na mwinuko, na juu yake upepo. Mume wangu alikuwa ameshaanza kukunja usukani. Mwanamume mmoja mwenye shuka jeusi na fimbo ndefu alikuwa amesimama, ng'ombe wake wakiwa mbele, akitutazama bila haraka. Nilishuka. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache yaliyochaguliwa vizuri.

"Hapo analala mzee," akasema, akielekeza fimbo kwenye ule mwinuko. Kisha akaizungusha polepole hadi upande wa boma, penye miiba na moshi. "Ninyi laleni kule."

Tukalala kule, nje ya boma lake, ng'ombe wakihema usiku kucha upande wa pili wa miiba. Wale waliopima mashamba walikuwa na vyombo bora kuliko sisi, walikuwa na picha za ndege, walikuwa na wahandisi. Walichokosa ni kusimamisha gari na kumwuliza mtu mwenye ng'ombe. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu mkate ule nimeukula utotoni nami nikaufurahia.

Kutoka huko tulirudi nyuma hadi Dareda, chini kabisa ya ukuta wa Bonde la Ufa, tukaanza kupanda. Njia inajikunja, injini inaguna kwa gia ya pili, masikio yanaziba. Juu ni nchi nyingine: baridi, udongo mwekundu, mashamba yaliyoshika miteremko kwa matuta, nyumba za Wairaqw zikitazamana kutoka kilima hadi kilima, na kwa mbali weusi wa Msitu wa Nou unakotoka maji ya mabonde ya huku na huku. Wataalamu wa lugha hulitaja eneo hili kwa heshima ya pekee, maana karibu na mahali hapa yanakutana makundi yote manne ambayo lugha za Afrika ziligawanywa kwa desturi: Wairaqw na Wagorowa ni Wakushi, Wadatoga ni Waniloti, Warangi na Wambugwe ni Wabantu, na Wahadza na Wasandawe wana lugha zao zenye sauti za kidoko. Soko moja la Babati siku ya mnada linaweza kuwa na wote. Tulivuka mipaka yote hiyo kwa Kiswahili na shikamoo, na sikuona mlango uliokataa.

Bashanet ilitupokea kwa ukungu. Familia iliyotukubalia kuegesha uani mwake haikukubali tulale njaa pia. Tukaletewa ugali, mboga ya kunde na maziwa mgando. Fedha walikataa, na nilijua nisiitoe mara ya pili. Walichokubali ni umeme. Kijana wa nyumba ile alipoona sola akauliza kama inachaji simu, na kabla ya chakula kuisha dashibodi yetu ilikuwa imepangwa simu za majirani, nyingine zimefungwa kwa mpira zisifunguke. Naona hiyo ni bei ya haki. Nawashauri wote wenye magari ya namna hii wabebe nyaya za kuchajia za kila aina kabla hawajafikiria kubeba viti vya kukunja.

Alfajiri kulikuwa na tope, na baba mwenye nyumba akaja akazungumza kwanza na mume wangu, kando, kwa sauti ya chini. Kulikuwa na jirani yake, mzee mwenye mguu uliovimba, ambaye siku ile alitakiwa hospitali ya Dareda. Bodaboda ilikuwa imekuja ikashindwa. Njia inateleza, na mzee hawezi kukunja goti. Sisi tulikuwa na kitanda.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," baba yule akasema, akicheka kidogo kwa aibu ya kuomba.

Tukatoa mashuka yetu, tukatandika mablanketi yao. Mzee akalazwa chali na mguu ukanyooshwa vizuri hadi mlangoni, binti yake akakaa kwenye sakafu akimshika bega, mimi nikabanana mbele na mjukuu. Mume wangu aliteremka ule ukuta wote kwa gia ya kwanza bila kugusa breki ila pale palipobidi. Mzee, ingawa alikuwa haoni barabara, aliijua kwa mwili. "Sasa kuna kona mbaya," alisema, na kona ikaja. "Hapa shika kulia, kushoto pamekatika." Palikuwa pamekatika kweli. Alituongoza hivyo hadi chini, akiwa amelala, macho yake kwenye paa la gari.

Pale hospitalini wahudumu walimshusha kwa machela. Mume wangu alikuwa anafuta tope kwenye vioo, tukitaka kupanda tena kabla mvua ya mchana haijaanza, njia ya kwenda Dongobesh na Mbulu ikitusubiri. Binti akatufuata na ujumbe wa baba yake.

"Mzee anasema mkirudi msilale tena kwa jirani," akasema. "Laleni kwetu. Uwanja wetu ni mkubwa kuliko wa kwake, na hakuna mteremko. Mbwa hatumfungi, ila mpige honi mara mbili pale kwenye mgunga, nitatoka."

Mume wangu akauliza mgunga ni upande gani wa njia ukitokea Mbulu. Binti akaeleza, na mimi nikaandika.